Kiazi kwenye Ukurasa wa Thelathini

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Theluji imefika dirishani. Hazel kahamia kwa mwanawe huko magharibi, na jina lake limebanduliwa kwenye rafu ya maktaba. Ile rafu ya mlangoni: majina manne ya wasomaji wa mji, na chini ya kila jina kitabu anachokisifia mwenyewe. Yamebaki matatu. Nafasi moja wazi! Jumamosi, kwenye kikao cha wasomaji, Bwana Leclair mkutubi atamtaja wa kuijaza.

Naitaka. Mjukuu wangu Bryony, mwalimu, anakuja Machi. Anajua bibi yake aliishia darasa la tano. Zamani zile shule ilifungwa wiki tatu watoto tukavune viazi. Wenzangu wakarudi darasani. Mimi nikabaki shambani na kikapu. Wifi yangu Ardith, dada wa marehemu mume wangu, alirudi, na miaka sitini sasa hajachoka kunikumbusha. Naye anaitaka nafasi. Kwani jina lake halijaandikwa mahali pa kutosha? Liko mpaka kwenye benchi la kanisa.

Jumanne, tarehe 4 Februari

Leclair kasema atampa aliyesoma vitabu vingi kuliko wenzake. Nikamuuliza atajuaje, maana kompyuta yake ikipokea kitabu humsahau papo hapo aliyekiazima. Ardith akadakia kwamba ukurasa wa thelathini utasema.

Hapo kanipa kisu kwa mpini. Hapa kwetu kila bibi akimaliza kitabu huchora alama yake ukurasa wa thelathini, kwa penseli, ndogo, asije akakiazima tena na kugundua katikati kwamba alishakisoma. Ardith huchora nyota. Nyota, tena! Mimi huchora kiazi chenye macho mawili. Leclair alinuna, hapendi vitabu vichorwe, lakini akakubali.

Saa sita akaenda kula. Nikachora viazi arobaini na kimoja. Nilianza na vitabu vinene. Majina ya vitabu sikuyatazama, nani ana muda huo? Vidole vimekufa ganzi. Nyota za Ardith nilihesabu ishirini na sita. Pole yake.

Jumatano, tarehe 5 Februari

Heshima imeanza! Bi Corinne, mke wa mchungaji, kanisimamisha dukani mbele ya watu. Kasema kila akifungua kitabu anakuta kiazi changu, hakujua kama mimi ni msomaji namna hii. Huenda kumsomea Mzee Alden aliyevunjika nyonga, na safari hii kachukua kitabu chenye kiazi, maana bibi wa umri wangu hasomi upuuzi. Akaniuliza kikoje. Nikamwambia ni kitamu, ila avumilie, utamu wenyewe uko katikati.

Ardith alikuwa karibu anachagua vitunguu. Alisikia kila neno. Nimenunua maharage ya Jumamosi na sukari guru ya kutosha kuyatia utamu. Mshindi hapiki kidogo.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Simu ya Bi Corinne, asubuhi, uji haujapoa. Sauti nyembamba. Alifika katikati. Mjane na mfua vyuma, ghalani, na mambo ambayo mke wa mchungaji hana maneno ya kuyarudia, ingawa ameshayasoma kwa sauti mbele ya mgonjwa na muuguzi wake.

“Bibi Wilda,” akasema, “na wewe uliniambia utamu uko hapo.”

Nikamjibu kwamba pale mahali mimi nilisoma nimefumba macho. Nikamuuliza kama Mzee Alden kaumia moyo. Akasema Mzee Alden hataki kitabu kingine, na kauliza kama kesho anaweza kuja mapema.

Basi, kuna aliyefaidika. Mbona hilo halisemwi?

Jumamosi, tarehe 8 Februari

Siku ya laana. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Watu kumi na wawili, maharage yangu mezani. Kila mmoja akasema anasoma nini sasa hivi. Zamu yangu ilipofika, Ardith akaweka vitabu vitatu mbele yangu, vyote na kiazi. Cha kwanza ni cha kutengeneza injini za magari ya theluji. Nikasema mwanamke mjane lazima ajue injini. Cha pili ni cha sheria za kodi, sehemu ya nne. Nikasema sehemu tatu za kwanza zilinivutia. Cha tatu kimeandikwa Kipolandi.

“Wifi, hebu tuonjeshe kidogo,” Ardith akasema. “Hata mstari mmoja.”

Nikasema mimi hutazama picha. Akafunua kurasa taratibu, moja moja, mpaka mwisho. Hakuna picha. Walicheka wote. Bi Corinne hakucheka, alitazama viatu vyake.

Leclair, ana huruma yule mtu, akasema tuache alama. Kila mmoja ataje kitabu akipendacho kuliko vyote, aeleze kwa nini, yeye ataamua kwa hilo. Akaanza na mimi.

Na ninacho! Ni kile chembamba cha binti mchimba visima, aliyetolewa shule akashike sururu. Nimekisoma mara tatu, kidole chini ya mstari, na pale anapopita nje ya darasa na kusikia wenzake wanahesabu, nililia mpaka karatasi ikalowa. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini kinakaa rafu ya watoto. Kina kurasa tisini. Niseme hivyo mbele ya Ardith? Nikanyoosha kidole kwenye kitabu kinene kuliko vyote mle ndani nikasema, kile. Kwa nini? Kwa sababu ni kirefu.

Ikaja zamu ya Ardith. Akafungua mkoba. Akatoa kile chembamba.

Akasema alikikuta rafu ya watoto kabla ya Krismasi. Ukurasa wa thelathini una viazi vitatu, na cha tatu kimechorwa juu ya karatasi iliyokunjamana kwa maji. Akasema akajua, huyu kakisoma kweli huyu, akakichukua naye, na hakulala vizuri siku mbili.

“Ni chako, wifi,” akasema. “Kisemee wewe. Mimi nitaacha.”

Hakuwa anacheka. Hilo ndilo siwezi kumsamehe. Watu wote wananitazama, macho laini, kama wanavyomtazama mbwa aliyegongwa.

Nikasema, mimi sisomi vitabu vya watoto. Huenda kuna mtu anaiga kiazi changu.

Akanitazama. Kisha akakisemea yeye, na alikisemea vizuri, mpaka pale pa nje ya darasa. Jina lake limebandikwa, na kitabu changu kiko chini yake. Maharage yalibaki nusu sufuria.

Jumatatu, tarehe 10 Februari

Leclair kanipigia. Kasema kwa sauti ya chini kwamba rafu ina ubao mrefu, jina la tano linaenea, hakuna sheria inayosema manne. Nije tu Jumamosi nikae na Ardith, tukieleze kile chembamba pamoja, kwa maneno yangu mwenyewe. Bryony akija atalikuta jina langu.

Nikamwambia ahsante, mimi siombi nafasi ya kubanwa ubavuni mwa mtu. Nina kitabu changu nakisoma, kile kinene, na nikikimaliza watanibandika peke yangu, juu.

Nimekiazima leo. Kurasa elfu moja mia moja na nne. Nimekiweka mezani, karibu na dirisha, upande ambao Ardith hupita akienda posta, na uzi mwekundu unaning’inia ukurasa wa mia sita. Bryony nimeshamwambia kwenye simu kwamba nimevuka nusu, na mambo yamepamba moto.

Kesho nitatazama kinahusu nini.