Mkebe Wenye Herufi G

Leo nimepatikana. Aibu imenikuta mchana kweupe, mbele ya watu kumi na wawili na ng'ombe mmoja. Ninaandika polepole, kwa hivyo na nyinyi msome polepole. (Na mtu asimsomee Mama.)

Sisi ni watu wa Mukurweini, chini kidogo ya barabara ya lami. Mimi ni yule kijana wa pikapu. Pikapu yenyewe ni ya marehemu babu. Inalala juu ya mawe wiki nzima, halafu Jumamosi naiamsha. Kando yake kuna kibanda cha mabati. Hiyo ndiyo karakana yangu. Humo natengeneza viti, milango ya kuku, na vitu vingine ambavyo wenyewe wakija kuchukua huuliza ni nini.

Mama hakipendi hicho kibanda. Anataka kiwe nyumba ya ndama. Juzi alirudi kutoka kupeleka maziwa akiwa na habari kubwa. Kamati ya chama cha maziwa ingekuja Jumamosi kuangalia kama kwetu panafaa kuwa boma la mfano, mahali ambapo wakulima wengine watakuja kujifunza kukamua kwa usafi. Akanikalisha chini.

"Wanjohi, sikia. Kamati ikipita hapa vizuri, hiyo kibanda ni yako. Sitaongea tena. Lakini ukiniletea aibu, hata ndogo kama kidole, ndama analala hapo jioni hiyo hiyo."

Nikakubali. Kazi zangu zilikuwa hizi: kukamua, kufagia zizi, kumaliza hori mpya ya kulishia, kumenya viazi, kuchunga maziwa jikoni, na kupaka grisi gurudumu la mbele la pikapu. Hilo gurudumu lilikuwa linalia kama mbuzi, na ndilo lingempeleka mwenyekiti hadi barabarani, kwa sababu mguu wake mmoja haupendi mlima. (Dada zangu wote wameolewa. Ndiyo maana viazi ni vyangu.)

Leo saa kumi na mbili asubuhi nikakamua. Ng'ombe wetu anaitwa Gathoni. Jina hilo maana yake ni mwenye haya. Kwa hiyo nyumba yetu ina wenye haya wawili, lakini yeye hutoa maziwa.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Kuna mafuta ya kukamulia, yale ya kulainisha chuchu za ng'ombe zisipasuke. Huku kwetu mafuta hayo hayaishii kwa ng'ombe. Mtu akitoka kuoga anajipaka hayo hayo, uso, mikono na miguu, na baridi ya mwezi wa saba haimwezi. Nusu ya kanisa letu hung'aa kila Jumapili kwa sababu ya ng'ombe. Nilipomaliza kukamua, nilitia mkebe wa mafuta hayo mfukoni na kwenda zangu.

Saa moja nilikuwa kwa hori. Nikapigilia mbao mbili, nikakimbia kumenya viazi vitatu, nikarudi kwa mbao. Wakati mmoja nilijipata nimekaa kwa kigoda, nimeshika kiazi mkono huu na nyundo mkono huu. Nikamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeona. (Sikujua shukrani hiyo ni ya mapema.)

Saa mbili na nusu nikafika kwa gurudumu. Nikapiga jeki, nikalitoa, nikaosha beringi kwa mafuta ya taa. Grisi niliyonunua dukani ilikuwa imefungwa kwa gazeti, na gazeti lilikuwa limeanza kulowa. Nikatafuta mkebe. Mama huwa hatupi mkebe wowote ulioisha. Kuna wa chumvi, wa vifungo, wa mbegu za sukuma. Nikapata mmoja mtupu wa mafuta ya kukamulia, nikauosha, nikatia grisi. Ilikuwa grisi mpya, ya manjano hafifu, safi kabisa. Ukifunika mkebe huoni tofauti. Ukifunua pia huoni.

Lakini mimi si mjinga. Nilichukua msumari nianze kuandika GRISI juu ya kifuniko. Nikaandika G. G nzuri, yenye mkia. Nilikuwa najiandaa kuanza R nikasikia sauti ya Mama.

"Wanjohi! Maziwa inamwagika!"

Nikakimbia. Nikaokoa maziwa. Niliporudi, herufi nne zilizobaki nilikuwa nimezisahau jikoni.

Sasa nikataka kuingia chini ya gari. Ule mkebe wa ng'ombe mfukoni ulikuwa unanidunga kiunoni, nikautoa nikauweka juu ya boneti, kando ya ule wa grisi. Nikaingia chini. Mwezi huu kila pua ya Mukurweini imeziba kwa mafua. Yangu ilikuwa imeziba mara mbili, mafua na mafuta ya taa.

Nikiwa huko chini nikaona miguu ya Mama. Alikuwa ametoka kuoga.

"Wanjohi, mafuta ya ng'ombe iko wapi?"

"Hapo juu ya gari."

Nikasikia mikebe ikigongana. Kisha nikamsikia akisema, "Aaa, hii iko na G. Ya Gathoni. Umefanya vizuri kuandika."

Mimi ni mtu ambaye hasifiwi mara nyingi. Nikasema, "Asante, Mama," bila kujiuliza nasifiwa kwa nini. Miguu ikaondoka. Nikajitoa nusu, nikanyoosha mkono juu ya boneti, nikapapasa, nikachukua mkebe uliobaki. Nikashindilia beringi mpaka zikajaa. Ilikuwa laini ajabu. Nikasema moyoni, kumbe grisi ya siku hizi imeendelea.

Nikarudisha gurudumu. Nikalizungusha. Halikulia hata kidogo. Nikatabasamu peke yangu. Nikaoga kwa haraka, nikavaa shati la kola.

Saa nne wageni wakafika. Mbele alikuwa mwenyekiti, Mzee Gathuku, ambaye zamani alikuwa dereva wa lori la mahindi. Halafu Bi Nafula, afisa wa maziwa, mama wa kutoka upande wa magharibi, mwenye koti jeupe na macho makali. Halafu karani na faili lake. Na nyuma yao wanawake wanane wa kikundi cha Mama, ambao hawakualikwa ila walikuja kusaidia kutazama.

Mimi nikajificha nyuma ya pikapu, hatua chache tu kutoka zizini. Wageni wakija huwa naenda hapo.

Mama akatoka nyumbani. Jamani! Uso uling'aa. Mikono iling'aa. Miguu iling'aa mpaka kwa vidole. Jirani yetu Mama Kariuki, mmoja wa wale wanane, akapaza sauti.

"Ai! Mama Wanjohi! Leo unawaka, ni kama umeokoka mara ya pili!"

"Ni Mungu tu," Mama akasema, na akaanza kusalimia kwa mkono. Alimsalimia kila mmoja, kwa mikono miwili, kwa heshima, na hakuruka mtu. Nilimwona Mzee Gathuku akitaka kuvuta mkono wake, ukatoka kabla hajavuta. Akautazama. Akaupangusa kwa suruali. Karani alijaribu kuandika tarehe, kalamu ikamponyoka mara mbili.

Wakaingia zizini. Mama akachukua nyasi kavu kumpa Gathoni, na nusu ya nyasi ikabaki mikononi mwake. Alijikung'uta, ikahamia kifuani. Inzi mmoja akatua juu ya shavu lake akakaa hapo. Sasa najua kwamba hakukaa kwa kupenda.

Lakini mambo yalikuwa mazuri! Bi Nafula alikagua sakafu, akatia alama. Akakagua maji, akatia alama. Akafika kwa hori yangu, akaitikisa. Haikutikisika.

"Hii hori ni nzuri. Fundi ni nani?"

"Ni kijana yangu," Mama akasema, na nikasikia sauti yake imenyooka. "Ako na kibanda yake ya kazi pale. Huyo akishika kitu, imeshikika."

Nyuma ya pikapu, nilitoa kichwa kidogo nisikie vizuri. Hajawahi kukisifu kibanda. Nilianza kufikiria mahali nitakapopigilia rafu.

"Sasa tuone unavyokamua," akasema Bi Nafula. "Anza kwa kuosha mikono."

Mama akachota maji. Maji yakaanguka mikononi, yakawa matone ya duara, yakabingirika, yakaenda zake. Mikono ikabaki mikavu. Akamwaga tena. Hivyo hivyo. Akachukua sabuni. Sabuni ikaruka ikaingia kwa hori. Gathoni akainusa na kurudi nyuma.

"Mama," Bi Nafula akasema polepole, "hii mikono inakataa maji. Umejipaka nini?"

"Ni mafuta ya ng'ombe tu, daktari. Ile tunatumianga sisi wote."

"Naomba nione mkebe."

Mama akautoa kwa mfuko wa aproni. Niliuona ule mkebe kutoka pale nilipokuwa. Niliona na ile G. Miguu yangu ikaniambia nikimbie, na mimi sikuisikiza, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na ua wa michongoma.

Kabla Bi Nafula hajaushika, Mzee Gathuku aliuchukua. Akachovya kidole. Akasugua kidole na gumba, macho yamefungwa. Akanusa. Yeye pekee ndiye hakuwa na mafua.

"Nimeendesha lori miaka mingi," akasema. "Hii siwezi sahau hata nikizeeka. Hii ni grisi ya beringi."

"Lakini imeandikwa G!" Mama akalia.

"Ndiyo. G ya grisi."

 Watu wote wakatazama viganja vyao wenyewe. Karani akatazama faili. Mama Kariuki akakunja na kukunjua vidole vya mkono aliosalimiwa.

"Kumbe! Nami nilikuwa nashangaa mbona mifupa imeacha kulia!"

Bi Nafula hakucheka. Aliinama akamkagua Gathoni, chuchu moja moja. "Ng'ombe yuko sawa," akasema. "Huyu alipakwa yake."

Hapo ningeokoka. Lakini mtu aliyeendesha lori hawezi kuacha jambo nusu. Mzee Gathuku akasimama, akafikiri, akageuka polepole kuelekea pikapu.

"Kama grisi iko kwa Mama, hiyo gurudumu iko na nini?"

Wakaja wote. Wanawake wanane, karani, afisa, Mama na nyasi zake. Wakazunguka pikapu, na nyuma ya pikapu wakanikuta mimi. Nikajifanya natafuta nati chini. (Nilikuwa nimevaa shati la kola. Hakuna anayetafuta nati na shati la kola.)

Mzee Gathuku akapitisha kidole mahali grisi hutokeza katikati ya gurudumu. Akanusa. Akanusa tena. Akampelekea Bi Nafula kidole, naye akakisugua kwa chake.

"Mafuta ya kukamulia," akasema Bi Nafula kwa sauti ya ofisi. Na nadhani aliandika.

Mzee akanitazama.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Hii gari yenu hukamuliwa saa ngapi?"

Jamani, mimi nikiulizwa kitu mbele ya watu, akili hufunga mlango. Mdomo hubaki nje peke yake. Nikasikia mdomo ukijibu kwa adabu:

"Asubuhi na jioni."

Sitaeleza kilichofuata. Mwanamke mmoja alikaa chini kwa nyasi. Mwingine alishika pikapu asianguke. Karani aliangusha faili, akaliacha hapo hapo. Bi Nafula aligeukia ukuta wa zizi, na koti jeupe likatikisika mgongoni kwa muda mrefu. Mama hakucheka. Alinitazama tu, anang'aa.

Walipomaliza (walichukua muda), wakatoa uamuzi. Ng'ombe safi, zizi safi, hori nzuri. Tumepita! Kuna sharti moja tu: vitu vya gari vitoke kabisa karibu na vitu vya ng'ombe. Nikajitolea kumpeleka mwenyekiti barabarani kwa pikapu. Akakataa. Alipanda mlima wote kwa mguu wake mbaya, akisema ni afadhali goti liishe leo kuliko gurudumu litoke njiani.

Wageni walipoondoka, nikamkaribia Mama.

"Mama, kamati imepita vizuri. Ulisema ikipita, kibanda ni changu."

"Nilisema."

"Kwa hivyo?"

"Nilisema pia habari ya aibu. Nilisema ya kidole. Hebu nionyeshe ni mahali gani kwa mwili yangu hakuna grisi, hapo tukubaliane."

Nilimtazama kutoka juu mpaka chini. Sikupata mahali.

Alijisugua kwa sabuni mara tatu, haikutoka. Mimi ndimi fundi, kwa hivyo nikamwambia ukweli: grisi hutoka kwa mafuta ya taa. Akatumia mafuta ya taa. Imetoka, lakini sasa hawezi kukaribia moto. Kwa hivyo chakula cha jioni nacho ni changu.

Saa kumi na moja nikatoa vitu vyangu kibandani. Spana sasa ziko chini ya kitanda, randa iko juu ya kabati, jeki iko nyuma ya mlango na nimeshaigonga kwa kidole mara mbili. Kazi ya mwisho niliyofanya katika karakana yangu ni mlango wa ndama. Nimeupima vizuri. Unafunga bila kelele. Ndama ameingia, akanusa kila kona, akalala katikati kama mtu aliyelipiwa.

Mnaotaka kucheka, chekeni leo mmalize. Kesho ni kanisa. Wale wanawake wanane wote ni wa kwaya, na kwaya yetu hukaa mbele ikitutazama.