Rufaa ya Mapafu Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kliniki ya mapafu. Daktari kasema ugonjwa wangu ni sugu. Nikamwambia hata mwenyewe ni sugu. Hakucheka. Kanipa karatasi. Herufi kubwa nazisoma bila miwani: RUFAA. Rufaa! Anayekata rufaa si aliyeshindwa kesi? Mimi sijashindwa kesi tangu nizaliwe! Nikaichana palepale. Nyumbani nimewasimulia wote nilivyomkomesha. Wote, yaani redio na paka wa jirani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeitwa tena. Kuna mama wa makaratasi, katumwa kupima kama kliniki inahudumia vizuri. Anahesabu wagonjwa wa mapafu waliopewa rufaa ya mazoezi, na wangapi wamekwenda. Kasema kumi na mmoja wamekwenda, mmoja bado, na huyo mmoja anawaharibia hesabu. Benchi zima likanigeukia. Fundi cherehani mstaafu, mshindani wangu tangu ujana, akadakia kwamba rufaa ni kupelekwa kwa wataalamu, mzee mwenzangu, siyo mahakamani! Wakacheka hadi wakakohoa. Nikacheka nao. Nilijua tangu mwanzo. Nilikuwa nawapima tu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Ukumbi wa mazoezi. Tunapuliza pumzi kama watu wanaopoza chai. Mwalimu, binti mpole, kanishika kiwiko nisiyumbe. Tangu mama watoto afariki, mwaka wa nne huu, hakuna aliyenishika kiwiko. Nikasema vumbi limeniingia machoni. Wananiita babu. Mara mbili kwa wiki! Lakini ni wiki nane tu. Halafu tutapimwa mwendo wa dakika sita, na anayefanya vizuri anamaliza, anampisha mwingine. Anamaliza aende wapi? Nimeshapanga: siku hiyo nitafeli. Kwa akili zangu hizi, hawaniwezi.

Ijumaa, tarehe 2 Mei

Kupimwa. Nilianza vizuri sana, mwendo wa kinyonga. Fundi akanipita, akaniuliza kama nimedondosha sindano naitafuta. Sindano! Mimi! Damu ikachemka. Nikamfukuza. Nikampita mara mbili. Mita mia nne na kumi, wa kwanza darasani! Mama wa makaratasi kaniandika mfano bora. Makofi. Cheti.

Nimemaliza.

Jumapili, tarehe 4 Mei

Asubuhi fundi kagonga mlango. Naye kamaliza. Kasema kwake kimya kinamtafuna, basi tutembee sote kila siku, mpaka sokoni na kurudi. Nikamjibu dirishani kwamba siwezi, nimezidiwa. Akauliza amwite daktari? Nikasema la, kesho naenda mwenyewe kuomba nirudishwe ukumbini. Akasema pole, bwana. Nikasikiliza fimbo yake mpaka kona.

Bado kidogo angeniharibia! Nikionekana natembea barabarani, nani ataamini naumwa? Nimejifungia kutwa nzima, najifunza kukohoa vibaya. Kwa vyovyote vile, lazima nirudi kwenye watu.