Kichupa Nilichokipima Mara Tatu

Shilingi elfu kumi na nane na mia nne. Hiyo ndiyo bei ya mililita moja ya maji ambayo leo nimeimaliza bila kuonja hata tone. Nimeumbuka, jamaa zangu. Nawapigia taipu nyote wanne barua moja kwa kaboni. Atakayepata nakala ya mwisho akaze macho.

Kazi yangu mnaijua: stoo ya kiwanda cha samaki hapa Kisumu. Na mnajua wazungu wamesimamisha kununua samaki wetu aina ya mbuta mpaka tuonyeshe kwamba minofu haina sumu za kuulia wadudu, zile za zamani zisizooza, ambazo mvua huzikokota kutoka mashambani hadi ziwani. (Minofu hupanda ndege. Mgongo wazi, ile mifupa inayobaki minofu ikishakatwa, huliwa mtaani kwetu Manyatta, na huo sijasikia mtu akiuliza una nini ndani.) Wiki tatu sasa akina mama wanaokata minofu wako nyumbani bila mshahara. Leo wakaguzi walikuja kuona maabara yetu ikipima. Tukipita, Jumatatu kazi inaanza. Tusipopita, lango linabaki limefungwa.

Asubuhi mzee Jayanti, wakala wetu wa vifaa, akaleta mwenyewe kiboksi kilichotoka ng'ambo. Ndani kuna kitu ambacho mkemia wetu, Madam Akinyi, anakiita standadi. Alishanieleza zamani. Mashine yake haiwezi kusema samaki ana sumu kiasi gani mpaka ionyeshwe kwanza sumu ambayo kiasi chake kimeshajulikana. Ni kama jiwe la mizani: bila jiwe la kilo, utajuaje kilo? Nilielewa vizuri sana. (Hapo ndipo uchungu ulipo. Nilielewa.)

Bei tulikuwa tumeshavutana mwezi mzima. Leo nikajaribu tena, angalau nyongeza. Mzee Jayanti akanitazama kama mtu aliyechoka tangu kuzaliwa.

"Ouma, nikikuongezea tone moja, utalitia wapi?"

Akaenda benki, akaniambia atarudi kuchukua sahihi.

Nikafungua kiboksi. Kichupa kimoja cha kioo, kidogo kama kidole cha mwisho, shingo imefungwa kwa moto kama vile vya sindano vya hospitali. Na maji yenyewe? Hayafiki hata nusu ya kichupa! Karatasi inasema mililita moja. Sasa, stoo yangu ina kanuni, na kanuni hiyo ndiyo iliyonipa jina: chochote cha majimaji kinachoingia hupimwa mara mbili kabla sijatia sahihi. Kwa kanuni hiyo nilimnasa mtu wa dizeli, na mkurugenzi akanisifu mbele ya watu wote.

Nikachukua sindano kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Nikavunja shingo. Nikavuta maji. Mililita moja na kidogo juu! Nikacheka peke yangu: kumbe nyongeza imo.

Nikarudisha maji kwenye kichupa, simu ikalia, nikaongea na mtu wa barafu, nikarudi kupima mara ya pili. Haikufika moja. Nikapima ya tatu. Imeshuka tena. Nikatazama meza, nikatazama sakafu, nikatazama hata soli za viatu vyangu. Feni inazunguka juu ya kichwa, mimi natoka jasho. Nikaamua kwamba sindano ndiyo iliyonidanganya mara ya kwanza. Nikafunga shingo kwa plasta, nikaandika kwenye hati ya kupokea mizigo kwa wino mwekundu: Pungufu. Muuzaji alipe.

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga wa siri. Lakini nilitaka wageni waone kwamba kiwanda chetu hakichezewi. Nikaingia maabara, mkurugenzi yupo, wakaguzi wawili wapo, Madam Akinyi na koti lake jeupe. Nikasema kwa sauti ya mkutano kwamba kabla hawajaanza, wajue tumeibiwa.

Madam Akinyi akakitazama kile kichupa na plasta yake. Hakukigusa.

"Bwana Stoo, umejuaje kimepungua?"

"Nimepima."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Na kila ukipima?"

"Kinazidi kupungua, Madam."

Akakaa chini. Yule mkaguzi mkubwa, mama wa makamo, akavua miwani, akanieleza pole pole, kwa adabu. (Afadhali angenitukana.) Yale maji hukimbia hewani upesi kuliko petroli. Yakikimbia, sumu hubaki, kwa hiyo sasa hakuna mtu duniani anayejua kila tone lililobaki lina sumu kiasi gani. Ndiyo maana walikifunga kwa moto. Nafasi iliyo juu si wizi; ni ya kufungia. Kisha akafunga faili lake.

Mkurugenzi akauliza kingine kitapatikana lini. Madam Akinyi akajibu wiki sita, kama pesa itatoka leo. Wakati huo huo mlango ukafunguka, mzee Jayanti akaingia kutafuta sahihi yake. Akaiona hati mkononi mwangu.

"Ouma, umeniandika mwizi?"

Nikakata ule wino mwekundu mbele yao wote. Nikaandika: Imepokelewa kamili. Nikatia sahihi mara mbili, halisi na nakala.

Nilipotoka, pale langoni alikuwepo Mama Awuor, jirani yangu wa Manyatta, mlango kwa mlango. Mkata minofu. Alikuwa amekuja na gambuti zake za mpira na kisu amekifunga kwa gunia, asiwe wa mwisho kuitwa.

"Baba Achieng, tumepita?"

Nikamwambia bado wanapima.

"Basi nitangoja," akasema, akakalia gambuti zake.

Nikarudi ndani, nikajifungia stoo, na ndiko ninakopiga taipu hii. Nimechungulia dirishani mara mbili. Bado yupo. Najua barua hii itawafikia wiki ijayo, lakini nishaurini hata hivyo: kiwanda kina lango moja, na aliyekwisha kungoja wiki tatu anaambiwa sita kwa maneno gani?