Langu Hilo, na Pai ya Viazi Vitamu

Jumatatu, 14 Julai 1986
Siku ya tatu Lamont hasemi na mimi. Anakula kwa dada yake. Nilichofanya ni kidogo tu: nilimpigia simu msimamizi wake wa kazi ya mapaa, nikamweleza kwamba mwanangu alizimia juu ya ngazi akiwa na miaka sita. Sasa wamemshusha, anaokota misumari uani. Ana miaka ishirini na minne. Wenzake wanamwita Mtoto wa Mama. Asipokuja kula Jumapili, basi atahama kabisa.

Jumanne, 15 Julai
Nimekwenda kumchungulia kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, nyuma ya kanisa. Nimejibanza nyuma ya gari la mtu. Hawana refa. Kijana mmoja kautupa mpira nje, kila mtu kamkodolea macho. Kajigonga kifua: "Langu hilo." Yaani kosa ni lake. Wakaendelea kucheza! Hakuna aliyenuna. Dawa nimeipata.

Jumatano, 16 Julai
Neno lenye nguvu hivyo limetoka wapi? Nisije nikalitumia vibaya. Jirani yangu Hazel Pettway kaapa kwamba marehemu mumewe ndiye aliyelianzisha, hapa hapa Filadelfia. Mume yule! Hakuwahi kukiri hata kumkanyaga mtu. Nikamwambia ni kaka yangu Rufus. Sina hakika, ila sikutaka Hazel ashinde.

Mzee Cleophus, anayecheza pale uwanjani kwa miaka thelathini, katucheka wote. Kila uwanja nchi hii unadai neno lilizaliwa kwake. Chanzo hakijui, maana anaijua: unalisema kabla hujashtakiwa, unafunga mdomo, unarudi kulinda goli.

"Ukiongeza 'lakini', dada yangu, umelifuta."

Ijumaa, 18 Julai
Nimefanya mazoezi mbele ya kioo tangu jana. Mkono kifuani, sawa. "Lakini" zimetoka nne. Usingizi sina.

Jumamosi, 19 Julai
Nimekwenda na pai ya viazi vitamu. Nikaogopa mchezo utaisha aondoke, nikaingia katikati wakikimbia. Nikajigonga kifua. Nikamwambia Lamont langu hilo, lakini ngazi ile ilikuwa inatikisika, lakini na wewe ulikuwa mwembamba, lakini mama yeyote... Mpira ukatua kwenye pai. Viazi hadi kwenye kofia yangu.

Aliyeurusha akagusa kifua. "Langu hilo, Bi Ernestine." Akakimbia kulinda.

Lamont akanifuta shavu kwa fulana yake. "Umeona, Mama? Hivyo tu. Hakuna hotuba."

Nikabana midomo kwa vidole mpaka "lakini" ikapita. Nikasema, "Langu hilo." Nikarudi kwenye uzio. Afadhali uchungu wa kuzaa.

Jumapili, 20 Julai
Kaja! Kala makaroni ya jibini sahani mbili. Kasema amembembeleza msimamizi, kesho anarudi juu ya paa. Nikatabasamu. Sikutia neno. Hazel angeniona!

Jumatatu, 21 Julai
Asubuhi kuna upepo. Matawi yanainama. Nimempigia msimamizi simu, kwa dakika moja tu, amfunge Lamont kamba kiunoni na asiseme ni mimi niliyeomba. Kanijibu kwamba Lamont kasimama hapo hapo mbele yake, anasikia kila kitu.

Sina wasiwasi. Neno ninalo. Pai nyingine iko ndani ya oveni.