Jembe Alilopewa Shangazi

Ndugu Mkuu wa Uhamiaji,

Pokea salamu zangu na heshima nyingi. Mimi ni Haula Shamte wa Mbau, huku kwetu kusini ya mpaka wa Tanzania, nimemaliza shule mwaka huu. Kwa kuwa naona haya kusema mbele za watu, naandika. Naomba mumrudishe kwao Tanzania shangazi yangu, Bi Somoe wa Mtwara, aliyekuja kututembelea kwa muhuri wa mwezi mmoja. Huu ni mwaka wa pili na bado analala kitandani mwangu. Mimi nalala mkekani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sheria za nchi zetu mbili zinafanana, utekelezaji ndio haufanani. Nilipokwenda kwake Mtwara kwa harusi ya jirani, siku zangu zilipokwisha afisa alinifuata mpaka jikoni, nina mwiko mkononi na pilau haijaiva. Shangazi mwenyewe ndiye aliyenifungia mzigo. "Sheria ni sheria, mwanangu. Pilau yako tutakulia."

2. Afisa wenu naye alikuja kwetu, nikafurahi. Shangazi akamwekea mihogo ya nazi. Akala, akashukuru, akauliza tutavuna tena lini. Pasipoti hakuiulizia.

3. Nilipoona serikali imeshindwa, nilitumia sheria ya wazee: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikampa jembe, kwa adabu, kwa mikono miwili. Mgeni mwenye aibu angeelewa. Yeye alilipima uzito, akasema, "Ahsante, mwanangu, kwetu majembe mazuri hivi hayapo," akaenda kulima. Sasa ana shamba kubwa kuliko la baba, na kila nikimkumbusha safari ananiuliza: nani huondoka akaacha mihogo ardhini?

4. Anakoroma. Najua hili si la Uhamiaji, lakini anakoroma kama raia wa kuzaliwa.

Kwa hiyo naomba mtume afisa mwingine, asiyependa mihogo. Akikosekana kwenu, mwazimeni yule wa Mtwara. Namfahamu, hali kitu akiwa kazini.

Nisalimieni wote hapo ofisini, hata yule afisa wa mihogo. Sina kinyongo naye.

Wenu mtiifu,
Haula Shamte

Nyongeza: Nilikuwa nimeshatia sahihi, mama akasema kwamba shangazi akiondoka, jembe ni langu, na shamba lote nitalilima mimi. Tafadhali mwongezeeni muda, mrefu kadiri sheria inavyoruhusu na zaidi kidogo. Mkeka nimeshauzoea. Barua hii anawaletea yeye mwenyewe, kwa kuwa mimi naona haya kuingia ofisini. Msimsomee.