Niliambiwa Nirun, Nikaja na Kaptura

Leo nimejianika mbele ya mtaa mzima. Mapaja na yote.

Afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaletewa na watu wa kuongeza chumvi. (Hawana haja ya kuongeza. Iko ya kutosha.)

Wengi mnajua mimi hukimbia. Si mwanariadha. Daktari alinipima presha, akaniangalia tumbo, akaniambia, "Baba, fanya mazoezi ama tuzoee kuonana." Basi kila asubuhi natoka hapa kwetu Voi, nashika barabara ya vumbi kuelekea upande wa Sagalla, narudi mwekundu kama tofali. Mwanzoni watu waliogopa. Mji huu ukiona mtu mzima anakimbia alfajiri, unauliza kwanza ndovu yuko upande gani. Lakini wakazoea. Watu wa boda wakaanza kunipigia honi. Na mimi nikaanza kujiona mtu fulani.

Sasa jana jioni niko kibandani kwangu, natengeneza blenda ya mteja, simu ikaita ujumbe. Ni Mwalimu Adhiambo. Huyu ni jirani yetu, mwalimu mstaafu, mjane wa mtu wa reli, mama wa heshima zake na katibu wa kamati ya maji ya mtaa. Shida yake ni moja tu. Akiandika, ni Kiingereza kitupu. Amekifundisha maisha yake yote, hawezi kukiacha hata akiomba kitunguu.

Ameandika: "Good evening. We have all agreed. You should run tomorrow. Nine o'clock, at the school."

Nikavimba kifua. Yaani mtaa umekaa, umekubaliana, kwamba mimi ndiye niwakimbilie! Na msinione hivi, Kiingereza nimesoma hadi kidato cha nne. Run ni kukimbia. Ukishakimbia inakuwa ran. Hapo huniambii kitu.

Nikajibu: "I will run. I have been training."

"Wonderful!" akaandika. "You are running against Kilonzo."

Kilonzo ni mwenyekiti wa kamati ya maji. Ufunguo wa kioski cha maji unalala mfukoni mwake, na kioski kinafunguliwa siku akijisikia. Wake zetu wanapanga mitungi tangu giza, jua linawapata hapo hapo, halafu yeye anapita na mswaki mdomoni akisema, "Subirini, presha haijapanda." Wiki jana nilimfokea pale kioskini hadi mishipa ya shingo ikanisimama, watu wakanipigia makofi. Na mwili wake sasa! Kilonzo akifunga kamba za viatu, anapumzika kati ya kiatu cha kwanza na cha pili.

Huyo ndiye nikimbie naye? Nikacheka peke yangu.

"I will leave him at the first corner," nikaandika.

"That's the spirit!"

Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema haitachukua muda, mradi watu wasibishane. Hapo nikashangaa kidogo. Kwenye mbio watu wabishane nini? Nikajiambia labda ni mambo ya nani kamkanyaga nani.

Nyumbani nikamwambia mke wangu, Mama Wakesho.

"Mbio na Kilonzo?" akauliza. "Za nini?"

"Za mtaa."

"Mshindi anapewa nini?"

Sikuwa nimeuliza. "Heshima," nikasema.

Akaniangalia, akarudi kwa sufuria yake.

Asubuhi nikajiandaa. Nilikuwa na kaptura ya buluu ya mitumba, ya nailoni, iliyoshonewa mtu mwingine mwenye mapaja mengine. Nikaivaa hivyo hivyo. Fulana ya mikono wazi. Miguu nikaipaka ile dawa ya kuchua inayonuka hadi macho yanatoa machozi. Kisha nikakumbuka wakimbiaji wa kwenye televisheni wana namba kifuani. Mimi nitakuwa wa kudharauliwa? Nikachukua karatasi, nikaandika "1" kubwa, nikaibandika kwa pini.

Chakula cha nguvu sasa. Nikala ndizi karibu chane nzima. Nikateremshia na maziwa mala yaliyobaki kwa friji tangu ile siku stima ilipotea. (Hayo maziwa yashikilieni hapo.)

Nikatoka mbio kwenda shule, ili nifike mwili ukiwa moto. Njiani akina mama wa mboga wananishangilia. Nawapungia mkono kama gavana.

Kufika uwanjani, hakuna mtu. Hakuna hata kamba ya kumalizia. Ila nasikia sauti za watu kwenye darasa kubwa. Nikasema, aha, ndipo tunapojiandikisha. Nikauendea ule mlango mbio mbio, nikaingia nikiruka-ruka, mikono juu.

"Haya! Tunaanzia wapi?"

Jamani. Darasa limejaa. Akina mama kwa vitenge. Wazee kwa makoti. Pasta wetu mstari wa mbele, chupa ya maji mkononi. Mezani pameketi naibu wa chifu na sare yake imepigwa pasi, kofia kando. Na Kilonzo, bwana! Suti nyeusi, tai nyekundu, viatu vinang'aa unaweza kujinyolea ndevu. Hakuna mtu hata mmoja amevaa raba. Ni mimi tu, kaptura, na ile harufu ya dawa iliyoingia pamoja nami ikatafuta pa kukaa.

Naibu wa chifu akanitazama kuanzia chini. Alichukua muda kufika juu.

"Mwalimu," akasema, "huyu ndiye mgombea wenu?"

"Ndiye, Chifu," Mwalimu Adhiambo akajibu, kwa ile sauti ya kutangaza msiba.

Akainuka, akanivuta pembeni. "Baba Wakesho, umevaa nini?"

"Si uliniambia nirun?"

"Run for the chair!"

"Nikimbilie kiti? Kiti kiko wapi?"

"Cha mwenyekiti! Ni uchaguzi! Unagombea!"

Wueh!

Mlango ulikuwa karibu. Nilipima. Lakini akina mama walikuwa wananitazama, wale wale wa kupanga mitungi, na mmoja akaniambia polepole, "Usituache na huyu, Baba Wakesho. Hata kama ni hivyo ulivyo." Nikabaki. Ningeondokaje?

Kilonzo akanyoosha mkono. "Chifu, napinga! Mwenzangu ameanza kampeni ndani ya ukumbi. Amejipa namba moja kabla ya kura!"

"Toa hiyo karatasi," Chifu akaniamuru.

Nikaivuta. Pini zikaondoka na kipande cha fulana. Sasa chuchu moja nayo imekuja mkutanoni.

"Good," Chifu akasema. "Those who are standing for the seat, please stand."

Hebu niambieni nyinyi mliosoma sana. Ukikimbilia kiti, unagombea. Ukisimama, unagombea. Yaani kukimbia na kusimama ni kitu kimoja, na yote mawili ni ya kutafuta mahali pa kukaa! Halafu mnamlaumu mtu wa kaptura.

Kilonzo akazungumza kwanza. Akashika tai, akakohoa.

"Wananchi, mimi nimekuja na mipango," akasema. "Mwenzangu amekuja na magoti."

Darasa likaangua kicheko. Hata pasta. Hata Mwalimu Adhiambo alikohoa kwa leso, lakini mimi najua kikohozi na najua kicheko.

Zamu yangu. Nikasimama mbele, mikono sijui niiweke wapi, kaptura haina mfuko. Nikaanza:

"Majirani zangu, mimi si mtu wa maneno mengi..."

Hapo tumbo likauliza swali.

Nikalipuuza. Nikaendelea: "Lakini haya mambo ya maji..."

Likauliza tena, kwa sauti. Pasta akaangalia dari. Yale maziwa! Nikahisi jasho baridi mgongoni, na huko chini mambo yanajipanga kwenye foleni.

"Mimi nikipata hicho kiti, nitahakikisha kwamba... samahani."

Nikatoka. Na niwaambie ukweli, sijawahi kukimbia vile. Daktari angeniona angelia kwa furaha. Nyuma yangu nikasikia mtu amesema, "Sasa huyo ndio anarun!" na darasa likaanguka upya.

Vyoo viko nyuma ya hilo hilo darasa. Ukuta ni mmoja, juu kuna matundu ya hewa. Ya ndani sitawaeleza. Mjue tu kwamba niliwahi, kwa neema.

Shida ilikuja baadaye. Nikafungua mfereji. Ukakohoa hewa, ukanyamaza. Nikaangalia ndoo. Ndani kuna buibui, na ameshajenga. Nikatafuta karatasi. Hakuna. (Ile namba moja yangu niliiacha mezani kwa Chifu. Niliililia.)

Nikakaa. Nikafikiri. Nikajaribu kumwita Mwalimu kwa sauti ndogo kupitia matundu. Hakusikia, watu walikuwa wanacheka bado. Nikavuta pumzi, nikaita kwa nguvu zote. Na sekunde hiyo hiyo, Chifu alikuwa amegonga meza, darasa lote limenyamaza.

"HAKUNA MAJI HUKU!"

Nilitamani shimo la choo linimeze. Nilikuwa karibu nalo.

Halafu sauti ya mama mmoja: "Hata kwetu hakuna!"

Mwingine: "Hata kwangu, na nina mtoto mchanga!"

"Sisi tunanunua kwa mkokoteni tangu mwezi uliopita!"

"Tulieni!" Kilonzo akasema. "Ni presha tu."

"Presha gani, hadi choo cha watoto kimekauka?"

Chifu akagonga meza tena. "Bwana Mwenyekiti, laini ya hapa shuleni inafungwa na nani?"

Nikamsikia Kilonzo anapapasa mifuko. Huku. Kule. Akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi, Chifu. Lakini ufunguo... nimeuacha kwa suruali nyingine."

Aisee! Kelele iliyopigwa pale iliteremsha vumbi kwenye kichwa changu.

Pasta, Mungu ambariki, akaja hadi mlangoni, akapitisha chupa yake chini. "Tumia kwa busara, ndugu," akaninong'oneza. "Ndiyo yote tuliyo nayo."

Nikatumia kwa busara.

Huko darasani wakapiga kura ya mikono. Nasikia kila kitu. Chifu akauliza nani yuko na Kilonzo. Mtu mmoja akakohoa. Akauliza, "Na aliye... pale?" Madawati yakalia yote pamoja, vigelegele juu.

Hivyo ndivyo nilivyopata uongozi. Nikiwa nimechuchumaa.

Nilipotoka walinipigia makofi kama bwana harusi. Mwalimu Adhiambo akaninyooshea mkono wa pongezi, akafikiria, akanipa kiwiko. Kilonzo alikuwa ameshatumwa nyumbani kufuata ufunguo. Alirudi na tai imelegea, akaniwekea mkononi bila kunitazama, halafu akashindwa kujizuia. "Bwana wewe," akasema, mabega yanatikisika, "nilijiandaa kwa kila kitu, lakini si hicho." Tukacheka wote wawili hadi akatafuta mahali pa kukaa. Tukaenda naye kufungua maji ya shule, kisha ya kioski. Mitungi ilikuwa imeshafika kabla yetu, sijui nani aliipa habari.

Nyumbani habari zilinitangulia. Nilimkuta Mama Wakesho amekaa juu ya mtungi uliojaa, anafuta machozi kwa leso. Akachukua simu kutafuta hilo neno.

"Baba Wakesho, hili neno halina mwisho! Mfereji unarun. Pua inarun. Gari linarun. Mtu anarun duka. Hata soksi ya mwanamke ikichanika, eti imerun!" Akasogeza simu karibu na macho. "Na hapa wameandika tumbo..."

"Hapo usisome."

Akasoma. Kwa sauti. Majirani wa pande zote mbili wakasikia.

Haya, chekeni. Chekeni mmalize leo. Lakini sasa ufunguo wa kioski ninao mimi, na naona vizuri sana ni nani anaweka vikatuni vya kucheka hapa chini ya posti hii.