Mama wa Kusindikiza Batoto kwa Viboko

Jumatatu, 9 Juni 2025
Pasta Ezechiel ametangaza: Jumamosi batoto wa chorale ya kanisa watatembelea dambo, lile pori la maji na matope wanamolinda viboko na ndege. Ruhusa ya kutoka kambi yetu ya wakimbizi, Dzaleka, iko tayari. Mama mmoja atasindikiza, lakini mtoto wake awe ndani ya basi.

Njo mimi. Nani mwingine? Douce wangu ni sauti ya kwanza chorale, na darasani ni wa kwanza. Sijisifu, bulletin ya shule inasema. Tena mi ni mtu wa Uvira. Kwetu kiboko anatoka ziwani jioni na kupita barabarani kama jirani.

Halafu Mama Rodrigue, mshonaji wa Bukavu mwenye Kifaransa cha puani, akainua mkono. Eti naye angependa. Angependa! Pasta ataamua Ijumaa.

Jumanne, 10 Juni
Nimeenda mjini Lilongwe, mtaa wa Mchesi, kushonesha kitenge cha safari. Hapa kambini anayeshona vizuri ni Mama Rodrigue (inaniuma kuandika), na sitaki ajue. Mikono ya puto, maua shingoni. Fundi akauliza kama ni harusi. Nikamwambia ni zaidi.

Jumatano, 11 Juni
Bombani. Nikamkuta Mama Rodrigue kwenye foleni. Nikaanza kusimulia wengine, yeye asikie, jinsi kiboko alivyopindua pirogue, mtumbwi wa mjomba wangu Asani, na kumkata vipande viwili. (Mjomba yuko mzima Area 18, Lilongwe, anatengeneza redio.) Nikaongeza kwamba kiboko anachukia sana pafyumu. Mama Rodrigue anajipaka hata akienda kuteka maji. Akabeba ndoo yake, akaondoka haraka.

Nimelala vizuri.

Alhamisi, 12 Juni
Douce amekataa kula nsima, ugali wa hapa. Kumbe jana alikuwa nyuma yangu na bidoni yake ya maji. Anasema haendi dambo. Nikamweleza kwamba mama alikuwa anapamba tu maneno. Akauliza kama basi nilidanganya foleni nzima. Mtoto wa kwanza darasani ni mzigo.

Nikampigia mjomba simu amsalimie, amwonyeshe kwamba yuko mzima. Mjomba akauliza kwa nini asiwe mzima. Nikamweleza. Amekasirika, hataki kuongea na mtu.

Ijumaa, 13 Juni
Mtoto haendi, mama haendi. Ni Mama Rodrigue. Akasimama kanisani akasema anaogopa tangu bombani, lakini batoto wa wenzake hawezi kuwaacha. Halafu akanishukuru mbele ya watu kwa habari ya pafyumu. Makofi. Mi pia nilipiga, kwa vidole viwili.

Jumamosi, 14 Juni
Nikavaa kitenge changu kusindikiza basi mpaka barabarani. Kijana wa kabaza akasimamisha baiskeli yake ya abiria, akauliza bibi harusi anapelekwa wapi.

Jioni wamerudi. Mama Rodrigue ana picha, kiboko nyuma yake, mbali kama jiwe. Nikasema kwetu huyo tungemwita mtoto mchanga. Douce akaangalia picha muda mrefu, akamwomba Mama Rodrigue, si mimi, akae karibu naye safari ijayo.

Sijala.

Jumapili, 15 Juni
Pasta ametangaza: Agosti batoto wataenda ziwani Salima. Mama mmoja tu. Mama Rodrigue ameshainua mkono.

Sina wasiwasi. Leo jioni atakuwa bombani, na nimekumbuka shangazi yangu aliyekutana na mamba. Huyu nitamkata vipande vitatu.

Naacha kuandika. Douce amesimama mlangoni na bidoni yake, ananisubiri twende wote.